Propela ya 18 kwa 10 kwenye boti ya mizigo Ziwa Nyasa, uzoefu wangu

Wakuu, hii hasa ni kwa wenye boti za mizigo huku Kyela. Yangu ni ya mbao, inapiga Itungi, Matema mpaka Lupingu na mchele, saruji, abiria na vyungu vyao, injini ni dizeli ya silinda nne, kwenye kibao imeandikwa mwisho mizunguko 2,600 kwa dakika. Nimenunua propela mpya ya mapanga matatu, upana inchi 18 pichi 10 (pichi ni umbali ambao propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja, kama skrubu), nikavua ile ya pichi 13 iliyokuja na boti.

Ile ya zamani boti ikijaa unasukuma resi mpaka mwisho injini haivuki 2,300, moshi mweusi tii, abiria wa nyuma wanajifunika khanga, na masizi kwenye mbao za nyuma unasugua leo kesho yapo tena. Hapa bandarini wengi wanapenda pichi kubwa, eti injini inazunguka kidogo kwa hiyo imetulia. Imetulia wapi! Hiyo ni lori unapanda nayo mlima Kitonga kwa gia kubwa, dizeli inamwagwa hewa haitoshi, joto la ekzosi linapanda, valvu na pistoni ndo zinaumia.

Kabla hujatoa hela hakikisha mita yako ya mzunguko haidanganyi. Mimi nilibandika kipande cha stika ya kung'aa kwenye puli ya mbele nikapima na takometa ya mkononi, yaani kifaa cha kuhesabu mizunguko. Na upime boti ikiwa na mzigo kamili, tupu itakufurahisha bure.

Sasa hivi ikiwa imejaa inafika 2,550, moshi unaona kidogo tu wakati wa kuondoka. Ila kufika huko ni kipimo, sio spidi ya kutembelea. Natembea kwenye 2,050 hadi 2,100, yaani kama asilimia 80, na hapo propela inadai karibu nusu tu ya nguvu maana mzigo wake unapanda kwa kasi kuliko mzunguko wenyewe. Boti yangu majini ina urefu wa kama futi 34, umbo lake linagota kwenye spidi ya karibu noti 8 (kama kilomita 15 kwa saa), ukizidisha resi unasukuma mawimbi na kuchoma mafuta, haiendi popote. Halafu kuna wanaojikokota kutwa nzima wakidhani wanaitunza, injini haipati joto, dizeli haiungui vizuri, ringi zinashika masizi inaanza kula oili. Nayo ni mbaya.

Kasoro: tundu la katikati lilikuja dogo kuliko shafti yangu japo vipimo niliwatumia na picha juu, ikabidi nipande nayo Mwanjelwa, Mbeya, kwa fundi wa lethi (mashine ya kuchonga chuma), gharama yangu, muuzaji anasema shafti yangu ndo sio ya kawaida. Propela nyota tano, muuzaji mbili, na hizo mbili ni kwa sababu alifunga mzigo vizuri.