Vifaa vya kujikanda misuli: ukiwa Tanga, ununue kipi kwanza?

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani. Asubuhi naja kwa baiskeli, kutwa nimeinamia cherehani, jioni baiskeli tena. Basi nina maumivu ya aina mbili: vigimbi vinavyokaza kama kamba ya mkonge, na fundo lililojichimbia pembeni mwa mfupa wa bega la kulia. Nimeshatoa hela kwa karibu kila kifaa kinachouzwa kwa shida hii. Huu ndio mpangilio wangu, kuanzia kile ambacho ningekinunua leo kama ningepoteza vyote.

Cha kwanza ni mpira wa tenisi. Kipenyo chake ni sentimita sita na nusu hivi, kwa hiyo unaingia pale ambapo rola kubwa (lile gogo la povu la kujibiringishia) haifiki: kati ya bega na uti wa mgongo, kwenye matako, chini ya unyayo. Egemea ukuta, mpira uwe kati ya ukuta na nyama (usiuweke juu ya mfupa), sogea polepole hadi ukute panapouma, kisha tulia hapo nusu dakika hadi dakika moja huku ukipumua. Ukijikuta umeuma meno, umebonyeza kupita kiasi. Nunua miwili: tia yote kwenye soksi moja, funga fundo, na uti wa mgongo utakaa kwenye nafasi iliyo katikati. Dukani ubonyeze kwa dole gumba. Uliochoka kidogo ni mzuri zaidi kwa anayeanza. Mpira wa kriketi uache, ni jiwe lile. Na kama una watoto, ufiche.

Cha pili ni rola ya povu. Hii ni ya sehemu pana: mapaja, vigimbi, mgongo wa juu. Unene wa sentimita 15 hivi unatosha, na urefu wa sentimita 30 na ushee unakufaa kwa miguu. Ya sentimita 90 ni ya mtu mwenye nafasi ya kulala juu yake, na chumba changu hakina. Ikandamize kwa nguvu: ikibaki na shimo, usilipe, maana baada ya wiki chache itakuwa bapa. Zile zenye meno meno zinavutia macho, lakini anza na isiyo na meno.

Rola isipopatikana, au bei ikikushtua, nenda duka la vifaa vya ujenzi uulize kipande cha bomba la maji machafu la inchi nne, lile nene. Kata kiasi cha mkono, piga msasa kingoni, kisha lizungushie tyubu kuukuu ya baiskeli. Tyubu mji huu hazijawahi kuadimika. Ni gumu kuliko povu, kwa hiyo simpi mama yangu, ila kwa vigimbi vya mtu aliyezoea pedali linafanya kazi sawasawa.

Cha tatu tayari unacho jikoni: mti wa kusukumia chapati. Kaa kwenye kiti, usukume toka juu ya kisigino kuelekea goti, kwa mafuta kidogo ya nazi. Mgongoni haufiki, ndiyo maana umeshika nafasi ya tatu.

Mashine ya masaji, ile yenye umbo la bastola, naiweka mwisho, na najua wapo watakaonuna. Tatizo ni kwamba nyingi za bei rahisi zinatetemeka tu. Nzuri husukuma kichwa chake milimita 10 hadi 12, nyingine hazifiki hata nusu yake. Mwombe muuzaji aiwashe, uikandamize pajani. Ikikwama kwa nguvu ya mkono, mrudishie. Uliza dhamana ya betri, na iwe ya maandishi. Yangu ilikufa mwezi wa tatu, na namba ya aliyeniuzia haikupatikana tena.

Muuzaji akikwambia kifaa chake "kinavunja mafundo" au "kinatoa asidi", mpe tabasamu. Asidi inayojikusanya misulini wakati wa mazoezi huondoka yenyewe ndani ya saa moja hivi. Kujikanda kunatuliza mishipa ya fahamu na kulegeza kiungo kwa muda, basi. Maumivu ya kazi usiyoizoea hukolea kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha hupungua hata usipogusa kitu.

Yapo maumivu yasiyotaka kifaa chochote. Kigimbi kimoja kikivimba, kikawa na joto na kuuma, usikisugue: huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Nenda hospitali ya Bombo siku hiyo hiyo. Mgongo unaoambatana na ganzi miguuni au kushindwa kuzuia mkojo nao ni wa hospitali. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia nyayoni asikanyage mpira, maana hatajua akijiumiza. Wala usizungushe chochote mbele ya shingo.

Na ukiamua kutumia mti wa chapati, nunua wako soko la Mgandini na uutie alama. Mke wangu aliukuta wetu unanukia dawa ya kuchua, na Jumapili ile tulikula mkate.