Kipindi cha hadithi katika skuli moja ya maandalizi Unguja

Mzazi anayetafuta skuli ya maandalizi mjini Unguja huuliza kwanza ada, gari na Kiingereza. Mimi niliuliza hadithi, nikaelekezwa kwenye skuli ndogo ambayo kila wiki huchagua ngano moja na kuijengea shughuli zote za darasani. Wiki niliyoruhusiwa kuhudhuria ilikuwa ya Sungura, Buku (panya mkubwa) na Kobe waliopanda mbuyu wa Simba kula asali, ngano ya hapahapa Unguja iliyochapwa tangu mwaka 1870.

Mwalimu hakusoma popote. Alikaa mkekani akasimulia, na watoto wakamwitikia kwa pamoja, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Kilichonipendeza zaidi ni kwamba shughuli zilitoka ndani ya kisa chenyewe. Kobe aliponaswa alimwambia Simba amsugue topeni mpaka gamba litoke. Simba akasugua, Kobe akachopoka akenda zake, na Simba akabaki anasugua jiwe mpaka nyayo zikachubuka. Basi mwalimu akaleta karai la tope, akafukia humo jiwe na kifuu cha nazi, na kila mtoto akatia mkono bila kuchungulia, akaeleza anachokigusa kabla ya kukitaja: kizito, kina nyuzi, kina uwazi ndani. Mtoto wa miaka minne anayetafuta neno kwa ncha za vidole namna hiyo anajifunza lugha na sayansi kwa wakati mmoja, na hakuna kilichonunuliwa dukani. Mpango wa madrasa za awali, ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 na baadaye kufika Unguja, ulithamini vivyo hivyo nyimbo, ngano na vifaa vya nyumbani. Shughuli nyingine ya wiki ile, kuhesabu mbegu za ubuyu, ilikuwa ya kawaida tu.

Dosari kubwa niliyoiona ni moja. Katika ngano, Sungura anafungwa ndani ya majani makavu, anatupwa chini na kutoroka, na Buku aliyebaki juu ya mti analiwa. Sehemu hiyo iliachwa. Ilipofika zamu ya Kobe kuifichua kwa Simba hila ileile ya Sungura, mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, Kobe kajuaje kama Sungura atamwacha?" Swali zuri kuliko yote ya siku ile likakosa jibu, kwa kuwa jibu lake lilikuwa limekatwa. Naelewa kwamba wapo wazazi wasiopenda watoto wasikie habari za kifo, lakini bibi zetu walisimulia kisa kizima, na mtoto aliyeegemea ubavuni mwa msimulizi huyahimili mengi kuliko tunavyodhani.

Anayetaka madaftari yaliyojaa herufi hataridhika hapa. Kwa mwengine yeyote naipendekeza skuli ya namna hii kwa moyo wote, ila aombe kuhudhuria siku ya kusimuliwa ngano, asikilize kama inasimuliwa yote.