Vifuniko havilingani uzito: uongeze presha au ufungue skrubu?

Kwenye mashine ya kuyeyusha plastiki na kuisukuma kwenye kalibu (injection moulding), kifuniko kimoja kinajaa vizuri, kinachofuata kina pengo ukingoni. Mafundi wengi hukimbilia kuongeza presha ya nyuma, ile inayoizuia kidogo skrubu (mhimili unaozunguka ndani ya pipa la moto na kusukuma plastiki) inaporudi kubeba plastiki. Ni haraka, haisimamishi kazi, na kama shida ni hewa au chembe zisizoyeyuka sawasawa, mara nyingi inatosha. Dalili ya shida hiyo ni muda wa skrubu kurudi kubadilikabadilika. Usiizidishe tu, plastiki itaungua.

Kufungua skrubu ukague ringi ya mbele, ile inayozuia plastiki isirudi nyuma, ni kazi ya saa kadhaa, tena pipa likiwa bado la moto. Lakini ringi ikishalika, plastiki hurudi nyuma wakati wa kusukuma, na presha ya nyuma haiwezi kuziba uwazi huo. Tazama akiba, yaani plastiki inayobaki mbele ya skrubu ikishamaliza kusukuma. Muda wa kurudi ukiwa uleule, ila akiba mzunguko huu ni milimita 5, mzunguko unaofuata 1, au skrubu inajizungusha yenyewe ikisukuma, tafadhali usiendelee kumaliza mifuko ya malighafi. Fungua.

Mimi hupima kwanza vifuniko 20 mfululizo kwenye mizani ndogo, kabla ya kugusa kitufe chochote.