Hadithi kumi na moja za Mwalimu wetu wa Tanga: nimenunua, nimesoma, haya ndiyo maoni yangu

Nianze na bei, kwa sababu ndilo swali la kwanza ninaloulizwa kila nikikitoa kitabu hiki kwenye mkoba. Ni shilingi 15,000. Nimezilipa. Mwandishi ni mwenzangu wa kalamu, tumesomeana miswada barazani kwake kwa miaka mingi, na nilipomtumia pesa kwa simu alinipigia papo hapo kunikaripia. "Mdogo wangu, unanilipa mimi?" Nikamwambia, dada, mchapaji hakukupa karatasi bure, na mimi sitaki hadithi za bure. Kwetu mwandishi akitoa kitabu, jamaa hudai nakala kama wanavyodai sahani ya pilau ya harusi, na wengi wao hawafiki ukurasa wa kumi. Bora nisemwe kwa kulipa.

Mtaani anaitwa Mwalimu tu, maana alifundisha Kiswahili sekondari mpaka akastaafu, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Hapendi kupigiwa debe na marafiki. Basi nisipige debe, niseme nilichokiona.

Ni mkusanyiko wa hadithi fupi kumi na moja, nyingi zimekaa Tanga na pembeni yake: Muheza, Pongwe, mashamba ya mkonge ya kuelekea Korogwe. Aliugharimia mwenyewe. Alishapeleka mswada kwa wachapishaji, na kila alikokwenda aliulizwa kama utaingia shuleni. Nchini Kenya mikusanyiko ya hadithi fupi hutahiniwa kidato cha nne, kwa hiyo mchapishaji anajua nakala zitakwenda. Kwetu, kwa miaka mingi, mwanafunzi wa fasihi amekuwa akisoma riwaya, tamthiliya na ushairi, na hadithi fupi imebaki ya magazetini. Hata Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, ilianza na riwaya na ushairi. Ukitaka kuandika hadithi fupi Tanzania, uwe na pensheni. Huyu anayo, ndogo, na sehemu yake imo humu ndani.

Sasa hadithi zenyewe. Iliyonikamata kuliko zote ni ya manamba, wale vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge. Mhusika ni kijana wa Kasulu anayefika shamba la mkonge miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, kwa mkataba. Wanaojua habari hizo wanakumbuka kipande: kadi ya kazi yenye siku 30, kila siku unayomaliza kazi unatiwa alama, na mpaka alama 30 zitimie huoni mshahara. Siku ambayo hukumaliza, au nyapara hakuridhika, haihesabiwi. Ndiyo maana mwezi wa shamba ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa kalenda. Mwalimu ameipanga hadithi nzima kwa aya zenye namba, moja, mbili, tatu, kila aya siku moja ya kazi. Hakuna utangulizi wala maelezo ya ukoloni ni nini. Aya ya kwanza kijana anafundishwa kufunga tita: majani thelathini, lisizidi, lisipungue. Aya ya saba mwiba umemwingia chini ya jicho, anafanya kazi jicho moja limefumba. Aya ya kumi na nne ni sentensi moja tu, kwamba mvua imenyesha na amelala.

Mbele kidogo nyapara anavuta tita moja katikati ya rundo, anahesabu kwa sauti, anakuta majani ishirini na tisa. Siku nzima inakwenda na maji. Hapo hadithi haipandishi sauti, na kijana hajibu kitu. Inaendelea na namba zake mpaka aya ya ishirini na tisa, kisha ukurasa mweupe. Mimi nilidhani ni kosa la kiwandani, nikarudi nyuma kuhesabu namba moja moja. Ya thelathini haipo. Haikuandikwa. Nikakaa na kitabu mapajani, chai ikapoa, nikamwonea Mwalimu wivu ule ambao mwandishi anamwonea mwenzake, wivu wa kutaka lile wazo lingekuwa lako.

Nilimuuliza baadaye kijana alilipwa au hakulipwa. Akaniambia, "Wewe umesomaje?" Hapo mazungumzo yakaisha, tukahamia bei ya unga.

Nasema habari hii kwa kirefu kwa sababu ndiyo sifa kubwa ya kitabu. Hadithi zetu nyingi za Kiswahili, na za kwangu zimo, zina tabia ya kumshika msomaji mkono mpaka mlangoni na kumwambia alichopaswa kujifunza. Mlevi lazima afe, fisadi lazima afungwe, binti mkaidi lazima arudi nyumbani analia. Tumelelewa na ngano zenye "hadithi yetu inatufundisha kwamba", na mtihani wa fasihi ukatukaza huko huko kwa swali la dhamira na ujumbe. Mwalimu amesahihisha mitihani hiyo maisha yake yote. Nadhani ndiyo maana amechoka. Hadithi zake zinakwisha pale ambapo mimi ningeanza kueleza.

Mfano mzuri ni ile fupi kuliko zote, kurasa mbili hazijai. Mzee aliyefanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge na kutoa singa, yaani nyuzi zake, anakwenda dukani kununua kamba ya mbuzi. Masikio yake yamekufa kwa kelele za mashine, vidole vya mkono wa kushoto viwili havipo, na muuza duka anamwandikia bei kwenye kipande cha boksi. Anamwekea kamba mbili mezani. Ya mkonge inashikika vizuri lakini ni ghali. Ya nailoni, ya buluu, ni rahisi na haiozi. Mzee anazipima kwa mkono wenye vidole vitatu, anaivuta moja, anaivuta nyingine, anainusa ile ya mkonge. Kisha anahesabu sarafu. Sitasema alinunua ipi. Hadithi inakwisha anapofunga fundo shingoni mwa mbuzi.

Neno la kushuka kwa zao la mkonge halimo hata mara moja. Lakini anayekumbuka kwamba mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge na kuongoza dunia, na kwamba nyuzi za viwandani ndizo zilizoangusha bei, atamwona mzee yule pale kaunta akishikilia historia yote mkononi. Na asiyekumbuka atamwona mzee na mbuzi wake, na hadithi bado ni nzima. Hilo si jambo dogo kulifanya kwa kurasa mbili.

Kuna nyingine ya darasani ambayo najua imetoka kwenye kazi yake. Mwalimu wa historia anaeleza jinsi Mjerumani Dk. Richard Hindorf alivyoleta mkonge mwaka 1893, miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Mtoto wa mkata mkonge ananyoosha kidole kuuliza hiyo 62 nani aliimwagilia. Darasa linacheka. Mwalimu wa historia anaangalia daftari lake la maandalizi, halimo jibu, anasema swali zuri, tuendelee. Nimecheka peke yangu kwenye daladala mpaka kondakta akaniuliza kama niko sawa.

Ya machungwa ya Muheza nayo ni nzuri, hasa kwa mazungumzo. Dalali kaja kununua shamba likiwa bado kwenye maua, kama wafanyavyo kila msimu, na mama mwenye shamba anahitaji ada ya mtoto mwezi huo huo. Kurasa nne ni maneno ya watu wawili tu, hakuna "alisema" wala "akajibu", na hupotei hata mara moja ni nani anayesema. Dalali anasifu kila kitu isipokuwa machungwa: anasifu uji, anasifu mkeka, anasifu adabu ya watoto. Mama anajua. Anamwongezea uji. Bei inapanda kwa shilingi ndogo ndogo mpaka unajikuta umekunja ngumi unamshangilia, na hapo ndipo mtoto anaingia na barua ya shule.

Kwa ladha yangu hizo nne peke yake zinarudisha pesa. Zipo nyingine tatu za wastani, zinasomeka, sina la kuzidisha.

Sasa yasiyonipendeza. Ile ya Kariakoo haikumkaa. Binti wa Tanga anakwenda Dar, anapata simu mpya, anapata bwana, anapata mimba, na watu wote humo wanazungumza kama wako mkutanoni. Vijana wa siku hizi hawatumiani ujumbe wenye nukta na mkato namna hiyo. Mwalimu anaijua Ngamiani barabara kwa barabara, anajua nani anauza nini na nani kamwachia nani mlango, lakini Kariakoo yake ni ya kuhadithiwa. Nilimwambia tangu ilipokuwa mswada. Akaniambia kila kitabu kinahitaji hadithi moja ya watu kuichukia. Labda, lakini si lazima iwe ya tatu, ambapo msomaji mgeni bado anaamua kama ataendelea.

Ile ya mwisho, ya stendi ya Kange, tumebishana mpaka leo. Kaka anarudi baada ya miaka mingi Uarabuni, dada yake amekwenda kumpokea na hamtambui. Anampita mara mbili akitafuta sura ya kijana aliyeondoka. Inakatika wakati abiria wa mwisho anashuka. Mimi nilitaka ukurasa mmoja zaidi. Najua nimetoka kusifu kukatisha mapema, lakini kukatisha nako kuna mahali pake, na hapa naona kalamu imeinuliwa sekunde moja kabla ya wakati. Wasomaji wawili niliowaazimisha, maana nakiri nimeazimisha nakala yangu, mmoja yuko upande wangu na mwingine upande wa Mwalimu.

Upande wa uchapaji, karatasi ni nzuri, nyeupe bila kung'ara, na herufi kubwa ya kutosha kwa sisi wenye miwani. Jalada ni picha ya tita la mkonge limeegemezwa ukutani, rahisi, halipigi kelele. Tatizo ni gundi. Nakala yangu ilianza kuachia kurasa za katikati kabla sijamaliza kuisoma, na si mimi tu. Wachapaji wetu wengi wakipewa kazi ndogo ya nakala chache hubandika haraka na kukata kabla gundi haijashika sawasawa. Mwalimu amerudisha nakala zilizoharibika na zimebandikwa upya, kwa hiyo ukipata yenye kulegea mwambie, atakubadilishia. Kuna pia makosa ya chapa machache, hasa "r" na "l" kupishana, jambo linalouma kwenye kitabu cha mwalimu wa Kiswahili. Yeye linamuuma zaidi; usimkumbushe.

Uzinduzi ulifanyika kwenye ukumbi wa shule, na niliuhudhuria. Mgeni rasmi alizungumza muda mrefu kuhusu umuhimu wa kusoma vitabu, kisha akaondoka bila kununua. Mtu mmoja, kama ilivyo ada Tanga, akasimama kutukumbusha kwamba Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, hapa hapa jirani, mwaka 1909, na kwamba mji huu una deni kwake. Mwalimu alisikiliza kwa adabu. Zamu yake ilipofika hakutoa hotuba. Alisoma hadithi ya mbuzi tangu mwanzo hadi mwisho, akakaa. Ukumbi ulikaa kimya kwanza, watu hawajui kama imekwisha. Halafu bibi mmoja nyuma kabisa akauliza kwa sauti, "Basi alinunua ipi?" Wanaosema watu wetu hawapendi hadithi zisizofungwa wangekuwepo dakika ile. Mabishano yaliendelea mpaka kwenye vitumbua, na wanaume wawili waliowahi kufanya kazi shambani walikuwa karibu kugombana kuhusu kamba.

Kukipata: maduka ya vitabu mjini hayajakipokea yote, kwa hiyo njia ya uhakika ni kumpigia mwenyewe au kupitia kwetu wenzake. Ukiwa Dar, Moshi au Arusha kinatumwa kwa basi, unakichukua stendi, gharama ya kifurushi juu yako. Kwa mwalimu wa fasihi anayetafuta kitu cha kuwasomea wanafunzi kipindi kimoja kikaisha, sijaona kinachofaa zaidi mwaka huu. Kwa anayetaka mapenzi na visa vya kukimbizana usiku, hiki si chake.

Uchapaji wa pili utategemea mauzo ya huu wa kwanza, na ameahidi kubadilisha mchapaji. Ukishakipata, anza na hadithi ya mbuzi. Ya kipande iweke kwa jioni usiyo na haraka, na usihesabu aya kabla. Ya Kariakoo unaweza kuiruka. Mwalimu ameshanisikia nikiwaambia watu hivyo, na bado ananitengea chai.