Wavu wa kuku au wavu wa kuchomelewa kwa banda la bata?

Ukifuga bata karibu na ziwa hapa Kisumu, tuseme upande wa Dunga, maadui hawakosi: mwewe mchana, kenge anayependa mayai na vifaranga, nguchiro, na usiku paka mwitu. Fundi atakuuliza unataka wavu gani.

Wavu wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita, ni wa bei nafuu na hukunjika kwa mkono. Hapo ndipo penye shida, maana mbwa mwenye njaa naye huukunja. Kazi yake ni kumzuia kuku asitoke, si kumzuia mwizi asiingie. Isitoshe, bata wengi hulala chini, tena pembeni kabisa mwa banda, kwa hiyo mnyama hupenyeza kucha tunduni na kumvuta shingo. Niliwapoteza wawili hivyo, na wavu haukuwa umekatika hata uzi mmoja.

Wavu wa kuchomelewa, ule ambao nyaya zake zimeunganishwa kwa kuchomelewa kila zinapokutana, ni ghali zaidi na kuukata ni jasho. Lakini ule wa matundu ya nusu inchi, nguchiro hapiti, na hewa huingia vizuri, jambo la lazima kwa ndege wanaolowesha kila kitu. Uzike kama sentimita 30 ardhini kuwazuia wanyama wanaochimba.

Mfuko ukiwa mwembamba, weka huu kwenye kibanda cha usiku tu, kisha utandaze wa kuku juu ya uwanja wa mchana. Mwewe hana meno.