Uzoefu wangu na kifaa cha kutambua sura mlangoni: kazi iko kwenye ruhusa

Kifaa cha kutambua sura tulichofunga kwenye mlango wa ofisi na kingine kama hicho kwenye mlango wa ghala, hapa Dar es Salaam, kinafanya vizuri kazi ambayo muuzaji alikisifia: mtu akisimama mbele yake, kufuli la sumaku linaachia mara moja. Tathmini yangu inahusu zaidi jambo ambalo muuzaji hakuligusa, yaani usimamizi wa watumiaji na ruhusa zao, kwa kuwa mimi ndiye afisa utawala ninayeingiza majina, ninayeyafuta, na ninayeulizwa kwa nini fulani alionekana ghalani siku ya Jumapili.

Anayekinunua ajue kwamba kikitoka kwenye boksi hakina msimamizi, na maadamu msimamizi hajasajiliwa, yeyote anayebonyeza menyu anaweza kujiandikisha na kujipa ruhusa anayoitaka. Fundi alitukabidhi kikiwa katika hali hiyo, bila kusema neno. Nilisajili wasimamizi wawili, mimi na mhasibu, ili mmoja akiwa likizo kazi isisimame, kisha nikaunda ngazi ya tatu kwa ajili ya mkuu wa walinzi, ambaye anaweza kutazama kumbukumbu za walioingia na kutoka lakini hawezi kusajili mtu wala kumfuta. Kwa mpangilio huo wa ngazi ninakipa alama za juu.

Kwenye ratiba ndipo panapohitaji utulivu. Kila mtumiaji mpya anaingizwa kwenye kundi la kwanza, ambalo kiwandani limewekewa ruhusa ya saa 24 kwa siku zote 7, kwa hiyo asipohamishwa, kibarua aliyesajiliwa asubuhi anaweza kufungua mlango usiku wa manane. Niliunda kundi la ofisi, la ghala na la walinzi. La walinzi lilinisumbua, kwani zamu yao inaanza saa kumi na mbili jioni na kuisha saa kumi na mbili asubuhi, na ukiandika 18:00 hadi 06:00 kifaa kinachukulia kwamba mtu huyo amezuiwa siku nzima, kwa sababu muda wa mwisho umetangulia ule wa kuanza. Dawa yake ni kuigawa zamu katika vipande viwili, 00:00 hadi 06:00 na 18:00 hadi 23:59, jambo ambalo kijitabu cha maelekezo kimelitaja kwa mstari mmoja tu. Kinyume chake, sehemu ya tarehe ya ukomo imetupunguzia kazi mno: mkataba wa kibarua ukiisha, mlango unamkatalia wenyewe bila mimi kukumbushwa.

Kuhusu sura zenyewe, nilipokuwa nikisajili ndugu wawili wa tumbo moja, kifaa kilimkataa mdogo kwa maelezo kwamba sura yake imeshasajiliwa. Kinga hiyo ni nzuri dhidi ya mtu mmoja kujiandikisha kwa namba mbili, na wanaolipa vibarua wanajua maana yake, lakini ilionyesha pia udhaifu. Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2019, iligundua kwamba programu nyingi za aina hii huwachanganya watu wenye asili ya Afrika Mashariki na Magharibi mara nyingi zaidi kuliko wale wa Ulaya Mashariki. Kwa hiyo nilipandisha kiwango cha ulinganifu, yaani kadiri sura inavyotakiwa kufanana na ile iliyosajiliwa ndipo ikubaliwe, na kwenye ghala nikaweka sharti la kadi pamoja na sura. Mfanyakazi mwenzetu anayevaa nikabu amepewa kadi na namba ya siri kwa mlango wa ofisi, na kifaa kinaruhusu utaratibu huo kwa mtu mmojammoja bila kuwagusa wengine.

Lalamiko langu kubwa ni ufutaji. Mtu akiacha kazi, nikimfuta kwenye kifaa cha ofisi anabaki kwenye kile cha ghala mpaka nitembee hadi huko nikamfute tena, na kwenye kumbukumbu zake za nyuma jina linatoweka, inabaki namba tupu. Sasa ninamfungia kwanza kwa tarehe ya ukomo, ninahamisha kumbukumbu kwa flashi, ndipo ninamfuta. Hili si suala la usumbufu peke yake: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za kibayometriki miongoni mwa taarifa nyeti, nasi tuliwasainisha wafanyakazi fomu ya ridhaa inayosema kwamba sura zao zitaondolewa wakiondoka. Muuzaji anasema ipo programu ya kompyuta inayounganisha vifaa vyote ili mtu afutwe mahali pamoja, ila inauzwa peke yake. Mwenye mlango mmoja anaweza kuishi bila programu hiyo. Mwenye miwili au zaidi aidai iandikwe kwenye ankara ileile ya kifaa, kabla hajalipa.