Bluzi za mwendo wa kati kwa harusi za Tanga: zipi zipigwe, zipi ziachwe

Kwa maharusi kuingia ukumbini, hakuna bluzi ya Kizungu (wimbo laini wa mapenzi) inayofanya kazi vizuri kuliko Stand by Me ya Ben E. King, ya mwaka 1961. Siri iko miguuni. Wimbo una mapigo kama 118 kwa dakika. Bibi harusi mwenye shela linaloburura akikanyaga pigo moja na kuruka linalofuata, anapata hatua 59 hivi kwa dakika, mwendo wa madaha ambao hata watoto wanaomwaga maua wanauweza.

Kupima wimbo wowote ni rahisi: gonga kidole mezani pamoja na ngoma, hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukipata kati ya 90 na 120, uko kwenye mwendo wa kati. Ukipata 60 na ushee, huo ni wimbo wa kukumbatiana. Ukiutembelea kutoka mlangoni hadi jukwaani, wasimamizi wataanza kuyumba na meza kuu itachoka kusubiri.

Tukirudi kwa Ben E. King: besi inaanza karibu peke yake, nyuma yake kuna mlio mdogo wa chuma na mkwaruzo, kisha sauti inaingia baada ya sekunde 16 hivi. Hizo sekunde 16 ndizo za kufungua mlango na wageni kusimama. Kasoro ya wimbo ni urefu: unaishia kwenye dakika ya 3. Ukumbi ukiwa mrefu, na wapiga picha wakiwasimamisha maharusi kila baada ya meza mbili, muziki unakatika wakiwa katikati ya njia. Dawa ipo. Mzunguko wa besi ni uleule tangu mwanzo hadi mwisho, mapigo 32 yanayojirudia, kwa hiyo DJ anayehesabu vizuri anaweza kuurudisha nyuma mwanzoni mwa mzunguko bila mgeni yeyote kushtuka. Akikosea hata pigo moja, wote watasikia mguu umejikwaa.

Kwa sherehe za ufukweni, kama kule Raskazone, angalia spika kwanza. Nje hakuna kuta za kusaidia besi, na spika ndogo ya inchi 8 itatoa sauti ya mwimbaji tu huku uti wa mgongo wa wimbo ukipotea. Kodi sabufa, ile spika kubwa ya besi, au chagua wimbo mwingine.

Wimbo mwingine tunaousifia bila kusita ni Islands in the Stream wa Kenny Rogers na Dolly Parton, wa 1983, uliotungwa na Bee Gees. Mapigo yake ni kama 103, na una zaidi ya dakika 4, kwa hiyo unatosha kwa dansi ya kwanza. Ni wimbo wa watu wawili kweli: Kenny anaanza, Dolly anamfuata, na maharusi wanaweza kugawana nafasi hizo hizo wakicheza. Ila mkitaka kuuimba wenyewe kwenye maikrofoni, jihadharini. Baada ya kiitikio cha kwanza, Dolly anapoingia na ubeti wake, muziki mzima unahamia ufunguo mwingine, yaani sauti ya msingi inabadilika. Aliyeshikilia sauti ya mwanzo atabaki nje, na bendi isiyofanya mazoezi itaachana hapo hapo. Fanyieni mazoezi sehemu hiyo moja mara kumi kabla ya wimbo wote mara moja.

Sasa Sacrifice ya Elton John, ya 1989. Kwa masikio ni tamu mno: ngoma imetulia, kinanda kimetandazwa kama shuka safi, na mwaka 1990 ndiyo iliyompa Elton nafasi ya kwanza Uingereza akiimba peke yake. Lakini inasimulia ndoa iliyoingiwa na vishawishi na kupoa. Tanga ni mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu, mji uliozoea kuchambua taarabu neno kwa neno hadi fumbo litoke. Sikio hilo hilo lisiwekwe kando kwa sababu maneno ni ya Kiingereza. Ipigeni nyumbani, jioni, mkiwa na kahawa na kashata. Ukumbini siku ya harusi, hapana.

Every Breath You Take ya The Police, ya 1983, nayo iondoeni. Gitaa lake ni la kupendeza, ila anayeimba ni mwenye wivu anayemchunga mtu aliyekwisha kumwacha.

Right Here Waiting ya Richard Marx haina ngoma kabisa, ni kinanda na gitaa tu. Wachezaji hawana cha kukanyagia. Wakati wa chakula inafaa, sawa na Human Nature ya Michael Jackson iliyomo kwenye albamu ya Thriller ya 1982.

Mkishachagua, mpeni DJ faili lenyewe badala ya jina la wimbo tu. Matoleo ya jukwaani mara nyingi huanza na makofi na kasi yake hubadilika, na yale yaliyorudiwa na waimbaji wengine huwa na utangulizi tofauti, kwa hiyo zile sekunde 16 za mlango hazitakuwepo. Sikilizeni faili lote kwenye spika za ukumbi, mchana wa siku hiyo, kabla viti havijapangwa.